Matairi ya Barabara ya Matombo

Baba alipopata kiharusi maneno yote yalimtoka, likabaki moja tu: bado. Ukimuuliza kama ameshiba, bado. Ukimuuliza kama anataka kulala, bado. Daktari alisema mengine yatarudi polepole, moja moja, nami nikamshukuru Mungu, ingawa kimoyomoyo nilikuwa nimekasirika. Mtu aliyekuwa akiongea mpaka mboga zinaungua jikoni, mtu aliyebishana hata na watangazaji wa redio, amebakishiwa neno moja, tena neno la kumkatalia kila mtu kila kitu.

Neno la pili lilikuja masika yalipokatika. Nilimkuta amesimama kwenye banda letu pale Bigwa, mkono wa kushoto ameuweka juu ya paa la gari lake, ule wa kulia unaning'inia. Akasema, "Matombo." Akapiga paa kwa kiganja, akarudia, "Matombo." Nikaelewa kwamba anataka kupelekwa kwao, kwa dada yake, na kwamba anataka kwenda na gari lile, si jingine.

Gari lenyewe ni la michezo, la Kijapani, la zamani kuliko mimi. Lina milango miwili, boneti ndefu kuliko sehemu ya kukaa watu, na rangi ya chungwa ambayo jua limeila. Baba alilinunua kwa mwenye duka la vitambaa mmoja, Mhindi, aliyekuwa anahamia ng'ambo na familia yake. Wakati huo baba alikuwa fundi mitambo kiwandani, na wenzake waliona amerukwa na akili. Mwenye akili zake angenunua pikapu. Yeye alinunua gari ambalo ukikaa magoti yanakaribia kidevu, na ukikutana na ganda la muwa barabarani lazima uombe dua kwanza.

Jumapili baada ya misa alitupakia, mama mbele, mimi nimebanwa nyuma kwenye kijinafasi cha mizigo, tukaenda Mazimbu na kurudi, taratibu, ili watu watuone vizuri. Mama, ambaye kwao ni Moshi, alijifanya kuona aibu, lakini kilemba cha kwenda garini alikuwa anakiandaa toka Jumamosi. Sasa mama hayupo. Tumebaki mimi na baba, na mimi ndiye mtoto wake pekee.

Niseme wazi tu. Nililitaka gari lile. Sikuwahi kulitamka, lakini nililitaka kuliko nyumba, kuliko kiwanja, kuliko chochote alicho nacho. Nilitaka siku moja anipe ufunguo kwa mkono wake mwenyewe, aniambie shika, binti yangu. Kila nilichokifanya kuhusu matairi na shokapu, nilikifanya nikiwa na hilo moyoni.

Injini ilikuwa nzima, maana hadi wiki aliyougua baba alikuwa akiiwasha kila Jumamosi. Tatizo lilikuwa chini. Matairi yalipasuka kwa kukaa, akayavua, akaliegesha gari juu ya mawe. Nikamleta fundi nyumbani. Alifunga rimu na matairi ya kuazima, akalala chini, akatoka ana vumbi mpaka kwenye kope.

"Dada, hizi shokapu zimekufa zote. Ona zinavyovuja mafuta."

Akakandamiza pembe ya boneti, akaachia. Gari likadunda, likadunda tena, likaendelea kudunda wakati yeye ameshahamia kwenye habari nyingine. Alisema rimu za gari lenyewe ni ndogo, inchi kumi na tatu, na matairi yake siku hizi ni ya kutafuta. Halafu akatoa ushauri ambao kila fundi wa mji huu huutoa, hata kama hujaomba.

"Tunainyanyua tu. Tunaweka spesa juu ya springi, tunafunga tairi nene, shokapu ngumu. Hapo Matombo unaenda kama unaenda sokoni."

Nilikasirika kana kwamba amemtukana mzazi wangu. Ni kweli, kwetu gari linaloletwa likiwa chini halihesabiwi kuwa gari mpaka liinuliwe. Tumezinyanyua teksi, tumezinyanyua gari za maharusi, tumeinyanyua hata ile ya mchungaji jirani yangu, ambaye sasa mkewe hupanda kwa kigoda. Lakini hili lilitengenezwa likae chini. Ukiliinua umelivunjia heshima, na kona zile alizokuwa anazikata baba zamani hazitakatika tena.

Tena mimi nilikuwa nimesoma. Nilijiunga na kundi moja la simu la wapenzi wa magari ya zamani, watu wenye maneno mengi na picha nyingi, nikajifunza mambo ya ubavu wa tairi, ugumu wa mpira, tofauti ya shokapu za gesi na za mafuta. Uamuzi wangu ulikuwa mmoja na ulikuwa na akili. Gari linaishi mjini, kwenye lami. Basi livae matairi ya lami, ya ubavu mfupi, na shokapu za gesi zinazotuliza mwendo. Matombo ni siku moja. Tutakwenda polepole, penye makorongo tutashuka, tutarudi, na baada ya hapo gari litaishi maisha yake.

Nikaenda na baba duka la spea. Mwenye duka ni mzee wa Kihindi aliyezaliwa hapa hapa Morogoro, anamjua baba toka enzi za kiwanda. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akamkalisha baba kwenye kiti chake mwenyewe. Akapanga shokapu mezani. Baba akaichukua ile ya gesi niliyoichagua, akaisimamisha sakafuni, akaikandamiza kwa mkono wake mmoja. Ikashuka kwa utaratibu, ikapanda yenyewe kwa utaratibu, jambo la kupendeza kabisa kuliona.

"Bado," akasema.

Akaletewa nyingine, bado. Mwishowe akanyanyua fimbo, akaelekeza rafu ya juu kabisa. Mzee wa duka akapanda ngazi, akashusha shokapu nene nyeusi, za pikapu ya kubebea mizigo, ambazo baadaye fundi alisema zinaingia ukibadilisha bushi. Baba akakandamiza. Haikushuka. Akaweka uzito wake wote, nikamshika kiuno asianguke, ikashuka kidogo kwa shida. Uso wake, ule upande unaosikia amri, ukatabasamu.

"Mzee," nikamwambia mwenye duka, "hizi si zitamvunja mgongo?"

"Binti yangu, mimi nauza tu. Mgongo ni wa baba yako."

Kwenye matairi ilikuwa vilevile. Alichagua yenye kashata pana, yale meno ya mpira ya kuchota tope, matairi wanayofunga kwenye vigari vya kushusha mikungu ya ndizi kutoka mlimani. Nilijaribu kumweleza. Nilichuchumaa mbele yake pale pale dukani, watu wanatupita.

"Baba, gari linakaa mjini. Matombo tunaenda siku moja. Huwezi kulivalisha gambuti mwaka mzima kwa sababu ya siku moja."

Aliniangalia sana. Midomo ikahangaika kutafuta neno, ikalikosa, mate yakamtoka pembeni, nikayafuta. "Bado," akasema, na kupiga tairi lake kwa fimbo.

Mtu mwenye neno moja humshindi. Ukibishana naye unaonekana wewe ndiye mgonjwa. Nikalipa, nimenuna, nikajiambia ni ukaidi wa ugonjwa, kama anavyokataa kuvaa soksi.

Siku fundi alipofunga vyote gereji kwake, pamoja na zile spesa zake, baba aliletewa kiti akakaa karibu. Matairi yalikuwa mapya kabisa, bado yana vile vinywele vya mpira, na baba alivishika kimoja kimoja. Enzi za maneno yake asingeweza kuona tairi jipya bila kusimulia habari ya baiskeli ya mjomba wake. Mjomba huyo, kaka wa mama yake, alikuwa na baiskeli mjini. Siku moja akaifunga matairi mapya yenye vinywele, akaisukuma hadi Matombo, akamkabidhi baba akiwa kijana, ili aweze kwenda kusoma ufundi. Kisha mjomba akarudi zake mjini kwa miguu. Nilikuwa nimeisikia mpaka naweza kuimalizia. Pale gereji baba aliangalia matairi, akaniangalia mimi, akafungua mdomo. Nikamsaidia, kama unavyomsaidia mtoto shairi la shule: "Mjomba akarudi kwa miguu." Akatikisa kichwa kwa nguvu, eeh, eeh, akanishika mkono hakuuachia. Nilifurahi kwamba tumeelewana.

Gari liliposhushwa kutoka kwenye jeki lilikuwa juu juu, limekaa kama mtu aliyekunja suruali avuke maji. Nilitamani kulia. Nikafanya nililoona linafaa. Niliagiza Dar es Salaam, kwa mtu wa lile kundi la simu, matairi yale niliyoyataka mimi, manne, ya ubavu mfupi. Yalikuja kwa basi. Niliyapanga chumbani kwangu, nikayafunika kanga. Mpango wangu ulikuwa tukirudi Matombo niyafunge, nitoe na spesa, gari lishuke lilipozoea kuwa.

Baba aliyaona. Nilitoka kazini nikamkuta chumbani kwangu, mahali asipoingia kamwe, ameivuta kanga, anapitisha vidole kwenye kashata.

"Ni ya gari letu, baba," nikamwambia. "Tukirudi tutayafunga."

Akaanza kulia. Alilia kwa sauti, mabega yanatikisika, nami nikakaa kitandani nikamshika. Daktari alishaniambia kwamba wagonjwa wa namna yake machozi huwa karibu. Tena niliona ana sababu ya kufurahi: binti yake amelipenda gari lake kiasi hicho. Nikamfuta uso kwa ile ile kanga, nikamwambia asilie.

Shangazi yangu, dada yake baba, nilikuwa nimempigia simu kumwarifu kwamba tunakuja.

"Anakuja na lile gari lenyewe?"

"Lenyewe, shangazi."

Kwa upole akasema, "Haya, mwanangu. Basi tutajiandaa."

Nilidhani anasema habari za chakula.

Tuliondoka asubuhi, mimi nikiendesha. Kwenye lami shokapu zile zilikuwa adhabu. Kila kiraka cha barabara nilikipokea kiunoni, na usukani ulitetemeka mikononi. Nilikuwa nageuka kumtazama baba kwa uso wa kumwambia unaona sasa. Yeye alikuwa ameshika kamba ya mlango anatazama milima. Lami ilipoisha mambo yakageuka. Makorongo niliyopanga tushuke kwa miguu gari liliyapita bila kuchuna tumbo. Kwenye tope la chini ya migomba matairi yalichota, yakashika, yakapanda. Tulimpita mwenye pikapu amekwama, na alipotuona na kale kagari ketu ka chungwa akavua kofia. Baba alicheka kwa nusu ya mdomo wake, akanipiga piga paja. Nami nilicheka, ingawa iliniuma kwamba baba na fundi walikuwa na haki na mimi sikuwa nayo. Kilichonishangaza ni jinsi gari lile lilivyoiweza barabara ile. Ungesema limefungwa kwa ajili ya kuipita kila siku.

Kwa shangazi uwanja ulikuwa umefagiwa, mikeka imetandikwa, na watu walikuwa wengi kuliko wanaokuja kwa ajili ya wali. Nikawaamkia wakubwa mmoja mmoja. Binamu yangu, mtoto wa shangazi, mwanamume wa umri wangu anayelima mdalasini na ndizi, alikuwa amevaa shati la kanisani. Kabla sijanywa hata maji alinionyesha leseni ya udereva aliyoipata majuzi. Nikampa hongera. Nilimwambia sasa bado gari tu, na yeye akainamisha macho kwa haya.

Tulipomaliza kula baba aliomba kusimama. Nilimshika kwapani. Akaninyooshea kiganja, nikajua anataka ufunguo. Nikampa, nikidhani anataka kuwaonyesha ndugu zake boneti na injini. Akauachia mkono wangu. Akatembea mwenyewe na fimbo, mguu mmoja unaburuzika juu ya mkeka, mpaka mbele ya binamu. Binamu alipiga magoti. Alikinga mikono yote miwili, na baba akauweka ufunguo pale.

Vigelegele vikapigwa. Na mimi, Mungu anisamehe, mkono wangu ulikuwa bado uko wazi hewani pale alipouachia.

Shangazi akaja kukaa karibu yangu. Anaongea Kiswahili chenye kuvutavuta cha watu wa huku mlimani, sauti ya upole, na upole wake ndio ulionimaliza.

"Mwanangu, si unajua. Huyu ndiye mpwa wake. Kaka alimwahidi toka huyu yuko shule ya msingi, kwamba lile gari ataletewa hapa hapa nyumbani. Mama yako alijua. Hakukwambia?"

Hakuniambia. Habari za mashamba nilizijua, nani asiyezijua. Kwa Waluguru, watu wa baba, mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na ardhi hutoka kwa mjomba kwenda kwa mtoto wa dada yake, ndiyo maana sikuwahi kutazamia hata mti mmoja wa mdalasini pale Matombo. Na kwao mama, Moshi, mtoto huhesabiwa kwa baba, kwa hiyo kule nako mimi ni mgeni anayechinjiwa kuku. Nilishazoea kuangukia katikati, nilikuwa nafanyia utani. Ila gari nilidhani ni jambo la mjini. Gari lilinunuliwa kwa Mhindi kwa mshahara wa kiwandani, lilipita Mazimbu Jumapili na mimi nyuma. Sikuwahi kufikiria kwamba mila ingeweza kuteremka kutoka mlimani ikaingia mpaka kwenye banda letu la Bigwa.

Nilitafuta mtu wa kumkasirikia. Shangazi? Amenipikia. Binamu? Alikuwa amekaa mbele yangu, ananiuliza kwa heshima ya mtu anayeogopa kujibiwa, "Dada, haya matairi mmeyapata wapi? Maana haya ndiyo yenyewe kwa huku." Nikamtajia duka. Nilimweleza na shokapu, nikamwambia azikague bushi. Sauti yangu niliisikia inatoka ikiwa sawa kabisa. Na baba? Mtu aliyeisimulia baiskeli ya mjomba wake nusu ya maisha yake, ungemwambia nini? Alikuwa amejaribu kuniambia dukani. Alijaribu gereji, akanishika mkono, na mimi nikamsaidia shairi.

Tulirudi kwa gari la kukodi. Baba alikaa mbele na dereva, mimi nyuma na mkungu wa ndizi na mfuko wa mdalasini tuliopewa. Njia nzima hakuna aliyesema neno, yeye kwa kukosa, mimi kwa kuwa nayo mengi. Nilikuwa na hasira na nilikuwa na huzuni, na chini ya vyote viwili kulikuwa na aibu ya mtu mzima anayelilia kitu ambacho hakikuwa chake.

Banda limebaki na mawe na doa la mafuta. Watu wa kundi la simu wananiuliza kama nauza yale matairi, maana ya saizi ile hayapatikani, na kila mara nasema nitawajulisha.

Wiki iliyopita nilitoka kazini nikamkuta baba tena chumbani kwangu. Alikuwa amekaa kitandani, kanga ameikunja vizuri pembeni, mkono wa kushoto uko juu ya tairi la juu. Siku hizi ana maneno kadhaa: maji, Matombo, jina la mama. Aliponiona akapigapiga kitanda, nikakaa. Akauchukua mkono wangu akauweka juu ya tairi. Midomo ikaanza ile kazi yake ya kuhangaika. Nilisubiri, sikumsaidia safari hii. Mishipa ya shingo ilimtoka.

"Yako," akasema.

Nilitaka kumwambia najua ni yangu, niliyanunua kwa mshahara wangu mwenyewe, na risiti ninayo. Alikuwa ananitazama kama alivyomtazama binamu pale mkekani, mkono wake mzima ukiwa juu ya wangu. Hakuwa na kingine cha kunipa. Nikashuka kitandani nikapiga magoti, nikaweka mikono yote miwili juu ya tairi.

"Asante, baba," nikamwambia.